Uzi maalumu: Kazi za ndani Doha, saa zinapotelea wapi na namna ya kuzidai

Kibarua Halali (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila wiki mtu anauliza kazi za ndani Qatar zinalipa kiasi gani, na majibu yanamiminika. Swali la saa haliulizwi, na saa ndizo zinazowamaliza dada zetu kule. Uzi huu ni wa saa: zinakwenda wapi, sheria inasemaje, na unazidai vipi bila kuharibu kazi. Wanaoijua Doha wakaribie, tuweke mambo ya kufanyia kazi.

Naanza na hesabu. Chukua mshahara wa riali 1,200. Ukifanya saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni saa 260. Gawa: riali 4.60 na ushee kwa saa. Dada mwingine ana mshahara uleule, ila anafanya saa 17 na hana siku ya mapumziko. Saa 510. Gawa tena: riali 2.35. Mshahara umekatwa nusu na hakuna aliyegusa noti hata moja. Ndiyo maana nasema anayejadili mshahara akasahau saa amejadili nusu ya mkataba.

Sheria ipo. Sheria Na. 15 ya mwaka 2017, ya wafanyakazi wa majumbani Qatar, inasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, isipokuwa mkiafikiana vingine. Muda wa kula, kuswali na kupumzika hauhesabiwi ndani ya hizo 10. Kila wiki kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo, yenye malipo. Kila mwaka, likizo ya wiki 3 yenye malipo. Tiketi ya kwenda nyumbani na kurudi kila baada ya miaka 2.

Sasa tazama nyumba yenyewe. Ghorofa mbili au tatu, jiko la ndani na jiko la nje uani, majlisi ya wageni ina mlango wake. Siku ina vilele vitatu. Alfajiri saa 11 hadi saa 2 asubuhi: watoto wanaandaliwa shule, kifungua kinywa, nguo za wanaokwenda kazini. Saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri: chakula cha mchana, ambacho ndicho kikubwa, na vyombo vyake. Kisha jioni hadi usiku: wageni, kahawa, chakula cha usiku, majlisi. Ukiamka saa 11 alfajiri ukalala saa 5 usiku, umekuwa macho saa 18. Ili kazi iwe saa 10, lazima saa 8 zipatikane katikati. Haziji zenyewe, kwa sababu kati ya kilele na kilele huwa kuna pasi, kuna vumbi, kuna mtoto.

Mpangilio unaowezekana ni huu: saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, ukitoa nusu saa ya chai, ni saa 4 na nusu. Saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ukitoa nusu saa ya kula, ni saa 3 na nusu. Saa 9 alasiri hadi saa 1 jioni ni yako, mlango umefungwa, umelala. Saa 1 jioni hadi saa 3 usiku, saa 2. Jumla 10. Vyombo vya chakula cha usiku vinaloweka hadi asubuhi.

Bint Kombo

Hapo kwenye mapumziko ya alasiri umegonga penyewe, mkuu. Wenye nyumba nao hulala saa hizo, kwa hiyo huo ndio muda rahisi kuuomba. Usiombe "kupumzika" kwa jumla. Taja saa: "Madam, kutoka saa tatu mpaka saa saba mimi niko chumbani" (kwa saa yao, kuanzia three). Ombi lenye saa hujibiwa kwa saa. Ombi lisilo na saa hujibiwa "sawa sawa" na kesho yake unaitwa ukiwa umefumba macho.

Na wenye kwenda kule wazoee saa ya kuhesabu kuanzia usiku wa manane. Watu wamekosa gari la shule kwa sababu waliambiwa "six" wakaelewa saa sita ya Kiswahili.

Fundi Pasi

Mtu akiuliza saa zinapotelea wapi, jibu la kwanza ni chumba cha pasi. Hesabu kabla hujaingia kwenye nyumba: wanaume wangapi wakubwa, na wanabadilisha kanzu mara ngapi? Wanaume 4 wakibadilisha mara 2 kwa siku ni kanzu 8. Kanzu moja kwa mkono mzuri ni dakika 10. Kilemba, ile ghutra nyeupe, dakika 5. Hapo ni saa 2 kamili za kusimama kila siku, kabla hujagusa shuka wala sare za shule.

Jinsi ya kupunguza:

Kola na vikofi vya mikono havitakatishwi na mashine peke yake. Paka sabuni ya maji, sugua kwa brashi laini, acha dakika 15, ndipo uingize. Usianike kanzu mpaka ikauke kabisa. Itoe ikiwa na unyevu kidogo, itundike kwenye kiango, nyoosha mabega kwa mkono. Kanzu yenye unyevu hunyooka kwa mpito mmoja, kavu kabisa inataka mitatu.

Mpangilio wa pasi: kola kwanza, ndani halafu nje. Vikofi. Mikono. Mabega na sehemu ya vifungo. Mwili mwisho, maana ukianza na mwili utaukunja tena ukigeuza mikono.

Wanga wa kupuliza ndio unaochoma kanzu. Ukipuliza ukaweka pasi papo hapo, wanga unaganda chini ya pasi, unageuka kahawia, na kanzu inayofuata inapata alama. Puliza, subiri nusu dakika uingie kwenye uzi, ndipo upige. Kila baada ya nguo 4 au 5 futa sehemu ya chini ya pasi kwa kitambaa chenye unyevu, umeme ukiwa umezimwa na pasi imepoa kiasi.

Ghutra: ikunje pembetatu, kona kwa kona, hakikisha kingo zimelingana. Mkunjo wa katikati unaokaa juu ya paji la uso ndio unaotazamwa, lazima uwe mkali na usimame. Wanga zaidi uende hapo. Ukikosea mkunjo mara moja kuna mistari miwili, na hakuna kurekebisha. Loweka upya.

Abaya ni kinyume. Joto dogo, upande wa ndani, au mvuke tu. Pasi ya moto juu ya kitambaa cheusi inaacha mng'aro usiotoka, na mawe ya urembo yamebandikwa kwa gundi inayoyeyuka. Osha na maji baridi, peke yake.

Zawadi_M

Ahsante sana Fundi. Nyongeza moja: omba nguo za pasi zitolewe siku moja kabla. Kanzu inayotafutwa saa 12 asubuhi ndiyo inayounguzwa.

Msafiri Pole

Niingie kwenye hatari, kwa sababu hazizungumzwi kwenye mafunzo kadiri inavyostahili.

Vyoo vya ndani vya nyumba nyingi havina dirisha, kuna feni ndogo ya kutoa hewa tu. Humo ndimo dada anapochanganya jiki na dawa ya kutoa magamba ya maji ya chumvi. Dawa ya magamba ni asidi. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini: macho yanawasha, koo linabana, kikohozi hakikatiki. Siki nayo ni asidi, usijidanganye kwamba ni chakula. Jiki na sabuni za vioo zenye amonia zinatoa gesi nyingine mbaya vilevile. Kanuni ni dawa moja, suuza kwa maji mengi, subiri, ndipo nyingine kama kuna haja. Ikishatokea, usibaki kumwagia maji. Toka, fungua milango, kaa kwenye hewa safi. Ukiendelea kubanwa kifua, hospitali.

Sakafu za marumaru: usiguse kwa siki, ndimu wala dawa ya choo. Marumaru ni jamii ya chokaa, asidi inaila, inaacha madoa yasiyo na mng'aro. Madam ataona uchafu, atakwambia usugue zaidi, utasugua na dawa ileile, na doa litapanuka. Maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, basi.

Maji ya kiangazi. Matangi yako juu ya paa. Mwezi wa 7 na wa 8 bomba la "baridi" linatoa maji ya moto kabisa, na bomba la "moto", kama umezima hita, ndilo lenye maji ya kawaida kwa sababu tangi la hita liko ndani ya nyumba. Anayemwogesha mtoto ajaze beseni kwanza, apime kwa kiwiko, ndipo amweke. Usimpeleke mtoto chini ya bomba linalotiririka.

Ngazi za kufutia taa ndefu za ukumbini: mtu mmoja anashika chini, mmoja anapanda. Uko peke yako? Haipandwi. Sema "kesho, dereva akiwepo". Hilo ni jambo la kukataa kwa adabu lakini kwa uthabiti.

Karani wa Zamani

Wacha niongelee karatasi, maana saa bila karatasi ni maneno ya upepo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Daftari dogo la mfukoni. Mistari minne kila siku: tarehe, saa ya kuanza, mapumziko kutoka saa ngapi hadi ngapi, saa ya kumaliza. Siku ya mapumziko andika "nilitoka" au "sikutoka". Siku ya mshahara andika kiasi na nani alikukabidhi. Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu, usirudi nyuma kujaza wiki nzima kwa mkupuo. Msuluhishi anatambua haraka sana daftari lililojazwa siku moja: wino mmoja, mwandiko mmoja, saa zote zinafanana.

Mkataba huandikwa nakala 3 na kuidhinishwa na Wizara ya Kazi. Moja ni yako, moja ya mwajiri, moja ya wizara. Kama huna nakala, idai mapema, usisubiri ugomvi. Na linganisha na ule uliosaini nyumbani kabla ya kusafiri: mshahara, aina ya kazi, jina la mwajiri. Tofauti ikiwa kwenye mshahara, unapambana ukiwa bado na karatasi zote mbili mkononi. Maandishi ya Kiarabu ndiyo yanayosimama mzozo ukitokea, kwa hiyo pata mtu akusomee tarakimu.

Mshahara hulipwa mwisho wa mwezi, usizidi siku ya 3 ya mwezi unaofuata. Mwajiri hahesabiwi amelipa mpaka fedha ziingie benki kwa jina lako au usaini risiti. Kwa hiyo usisaini risiti ya fedha ambazo hujazishika. "Saini tu, nitakupa wiki ijayo" ndiyo saini inayoua madai. Gharama za kukuleta, yaani ada ya ofisi, tiketi na viza, haziruhusiwi kukatwa kwenye mshahara wako. Anayekwambia "miezi miwili ya kwanza unalipia tiketi" anakiuka sheria.

Kima cha chini kilianza kutumika Machi 2021, kwa Sheria Na. 17 ya 2020: riali 1,000. Chakula na malazi visipotolewa, inaongezwa 300 ya chakula na 500 ya malazi. Kinahusu na wa majumbani.

Nyota ya Kusi

Karani, vipi malipo ya mwisho? Wengi wanapewa tiketi, wanaambiwa "tumemalizana".

Karani wa Zamani

Dada Nyota, hawajamalizana. Kiinua mgongo si chini ya wiki 3 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi. Kwa mshahara wa 1,200, gawa kwa 30 upate 40 kwa siku. Wiki 3 ni siku 21, kwa hiyo 840 kwa mwaka. Miaka 2 ni 1,680. Kama likizo ya wiki 3 kila mwaka hukuichukua na hukulipwa, hiyo ni 1,680 nyingine. Jumla riali 3,360, mbali na mshahara wa mwezi wa mwisho na tiketi. Fanya hesabu hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari miezi mitatu kabla ya kuondoka, uijadili ukiwa bado nyumbani humo. Uwanja wa ndege hakuna mazungumzo.

Bi Hafsa Jikoni

Wanangu, kahawa nayo inakula saa, tena kwa sababu inarudiwa. Ikitoka vibaya inamwagwa, wageni wako majlisini, kila mtu anapaza sauti.

Kahawa ya Kiarabu ya huko si ile nyeusi ya vijiweni kwetu. Buni imekaangwa kidogo tu, ina rangi ya dhahabu. Lita moja ya maji, vijiko vikubwa 3 vya kahawa iliyosagwa kubwakubwa. Maji yachemke, tia kahawa, punguza moto, dakika 10 hadi 15. Ukiacha moto mkali inapanda na kumwagika, na ikishuka inakuwa chungu. Zima, acha dakika 5 unga ushuke chini. Iliki iliyopondwa, kijiko kimoja au kimoja na nusu, na nyuzi chache za zafarani, vikae ndani ya chupa ya chai au dele, umiminie kahawa juu yake kwa kuchuja. Iliki ikichemshwa muda wote harufu inapotea.

Kuandaa: dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Unamimina kidogo, chini ya nusu. Finjani iliyojaa inasomeka kama unamfukuza mgeni. Anza na mkubwa au mgeni mheshimiwa, kisha kuelekea kulia. Akitikisa finjani, ametosheka, pokea. Asipotikisa, mwongeze.

Baada ya wageni, chetezo cha udi kinapita. Kaa liwake hadi liwe na jivu jeupe ndipo uweke kipande cha udi. Kaa jeusi linatoa moshi wa mkaa na kuharibu udi wa bei kubwa. Chetezo kisiwekwe kamwe juu ya zulia.

Ombi langu kwa wenye wageni kila usiku: kahawa tengeneza mara mbili tu, kabla ya mapumziko yako ya alasiri na saa 2 usiku, chupa mbili kubwa kila mara. Anayechemsha kila mgeni akiingia hatoki jikoni.

Nyota ya Kusi

Ramadhani inakuwaje Bi Hafsa? Hapo si saa zote zinapinduka?

Bi Hafsa Jikoni

Zinapinduka, mwanangu, na hapo ndipo watu wanapoanguka. Kazi nzito inaanza alasiri kwa ajili ya futari, inaendelea na wageni wa usiku, inafika daku. Asubuhi watu wazima wamelala, lakini watoto wadogo wapo. Mwezi huo usingizi wako uhamie asubuhi: baada ya daku na swala ya alfajiri mpaka saa 5 mchana. Zungumza na madam wiki mbili kabla, Shaabani haijaisha, mwandikie saa kwenye karatasi ibandikwe jikoni. Kama mko wawili, mmoja ashike futari na mwingine daku, mbadilishane kila wiki.

Sambusa na mikate mingine ya kukaanga ikunjwe kabla ya mwezi, igandishwe kwenye mifuko ya vipande 20 kwa tarehe. Saa mbili za kila jioni zinaokolewa hapo.

Uguzi_Nyumbani

Kuna kundi halijatajwa: anayeajiriwa "kazi za ndani" akakuta kazi ni kuuguza mzee asiyetoka kitandani. Hiyo ni kazi nyingine. Mgonjwa wa aina hiyo anageuzwa ubavu kila saa 2, mchana na usiku, la sivyo anapata vidonda vya mgandamizo kwenye nyonga, visigino na mwisho wa uti wa mgongo. Ukigeuza kila saa 2 usiku hujalala, hata kama ulikuwa kitandani. Iandike kwenye daftari kama saa za kazi. Dai mtu wa pili wa zamu ya usiku, au mchana wote uwe wa kulala.

Kumwinua kutoka kitandani: keti naye kwanza ukingoni, miguu yake sakafuni, subiri dakika moja kizunguzungu kiishe. Simama mbele yake, miguu yako imepanuka, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Mshike kiunoni, kwa mkanda wa kuinulia ukiwepo, usivute mikono wala makwapa. Hesabu moja mbili tatu mwinuke pamoja. Mtu mzito asiyeweza kusimama hata kidogo hainuliwi na mtu mmoja. Omba mashine ya kuinulia au mtu wa pili. Mgongo ukiharibika hapo, haurudi.

Msafiri Pole

Umesema jambo kubwa, dada Uguzi. Kama kazi uliyoikuta siyo iliyoandikwa, huo ni udanganyifu wa masharti, na sheria ya 2017 inakuruhusu kuvunja mkataba kabla ya muda huku kiinua mgongo chako kikibaki. Vivyo hivyo mwajiri akivunja wajibu wake, akikupiga, au mahali pa kazi pakiwa na hatari kubwa kwa afya yako.

Zawadi_M

Kwa hiyo mtu akipigwa atoke tu? Wanasema ukitoka unaitwa mtoro.

Kibarua Halali (mleta mada)

Dada Zawadi, swali lako linataka jibu kamili, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza haki yao.

Mwajiri anaweza kuripoti kwamba umetoroka. Ripoti hiyo ikiingia kabla ya malalamiko yako, wewe ndiye unayejieleza. Kwa hiyo cha kushindania ni nani ametangulia kuandikisha. Kukiwa na kipigo au hatari ya mwili: piga 999, au toka moja kwa moja kwenda polisi, hospitali au ubalozi. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi Doha. Hospitali omba ripoti ya maandishi yenye tarehe. Halafu malalamiko Wizara ya Kazi, chukua namba ya malalamiko. Hiyo namba ndiyo ngao yako. Usiende kujificha kwa rafiki wiki mbili ndipo uanze kulalamika.

Ili uweze kupiga simu na kueleweka, uwe na anwani. Ukutani kando ya geti la kila nyumba Qatar kuna kibao cha bluu chenye namba tatu: namba ya jengo, ya eneo na ya mtaa. Siku ya kwanza ukitoka kumwaga taka, kipige picha. Tuma nyumbani kwa mtu mmoja unayemwamini, pamoja na picha ya pasipoti, ya kitambulisho cha ukaazi na ya kila ukurasa wa mkataba. Dada anayejua tu kwamba "niko karibu na msikiti mkubwa" hawezi kufuatwa na mtu yeyote.

Pasipoti ni yako. Mwajiri anayeishikilia anaweza kutozwa faini hadi riali 25,000. Anaruhusiwa kuitunza ukimwomba kwa maandishi, na akitakiwa airudishe arudishe. Ukiambiwa "ipo salama kabatini", jibu zuri ni: "Ahsante madam, nami nitaitunza salama, naihitaji kwa benki." Sababu yenye kazi hufungua kabati kuliko mabishano.

Karani wa Zamani

Na asiyepigwa, ila saa zimemzidi na mazungumzo yameshindikana? Huyo ahame kihalali. Tangu Sheria Na. 19 ya 2020 ruhusa ya mwajiri wa zamani haihitajiki. Unatoa notisi: mwezi 1 kama umefanya kazi miaka 2 au pungufu, miezi 2 kama umezidi. Inapitia mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Kazi, mwajiri mpya anaingiza mkataba, wewe unapata ujumbe wa simu. Notisi yote unaendelea kufanya kazi pale pale. Ukiacha kazi katikati unarudi kwenye habari ya utoro.

Mahali panapokwama mara nyingi: laini ya simu. Dada amepewa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwajiri, hivyo hawezi hata kujiandikisha kwenye programu ya serikali, na ujumbe wa uthibitisho unasomwa na mtu mwingine. Kitambulisho chako kikitoka tu, sajili laini kwa jina lako mwenyewe.

Pia kuna dhamana ya ofisi iliyokuleta kwa mwajiri, miezi 9. Ndani ya muda huo mwajiri anaweza kukurudisha ofisini na kudai fedha zake. Hilo ni deni la ofisi kwa mwajiri. Si deni lako. Ofisi ikikwambia ulipe au ufanye kazi nyumba nyingine bure "kufidia", kataa na uandikishe malalamiko.

Kuondoka nchini hakuhitaji kibali tangu Januari 2020, ila wa majumbani anatakiwa amjulishe mwajiri saa 72 kabla. Mjulishe kwa ujumbe wa maandishi ubaki kwenye simu.

Bint Kombo

Ijumaa jamani, tusiisahau. Saa 24 mfululizo ni saa 24, siyo "toka saa 8 mchana urudi kupika usiku". Nyumba nyingi zitataka mgawane: utoke asubuhi, urudi jioni. Ukikubali, iwe ni makubaliano yenye malipo, yameandikwa. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: "Madam, Ijumaa nimefanya kazi kuanzia saa moja usiku, malipo tulikubaliana kiasi fulani." Akijibu hata alama ya dole, tayari ni ushahidi.

Usafiri usiwe kisingizio. Metro daraja la kawaida ni riali 2 kwa safari, na siku nzima haizidi 6. Njia zote zinakutana kituo cha Msheireb. Wakristo wana eneo la makanisa Mesaimeer, na ibada kubwa huwa Ijumaa. Hapo ndipo unakutana na watu wa kwenu, unasikia nyumba ipi inaheshimu saa na ofisi ipi inakata mishahara. Dada asiyetoka mwaka mzima hana mtu wa kumuuliza chochote.

Nyota ya Kusi

Swali la mwisho wakuu. Daftari likikutwa na madam akakasirika?

Karani wa Zamani

Mwonyeshe. Mwambie unaandika ili usichelewe kazi. Ndani kusiwe na neno baya juu ya mtu yeyote, ziwe tarehe na saa tu. Kila Alhamisi usiku piga picha kurasa za wiki hiyo, itume kwa yule mtu wa nyumbani, kisha futa kwenye simu. Daftari likichanwa, saa zako zipo.